Kuoga baharini na wenzangu Forty Foot wakati wa baridi: nitajuaje muda wa kutoka?

BintiPangani
Jumatatu, 27 Oktoba

Assalaam aleikum nyote. Shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Nipo Dublin mwaka wa tatu sasa, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku. Wenzangu wanne wa kazini wana desturi: kila Jumamosi tukitoka zamu wanapanda treni ya DART hadi Sandycove, wanakwenda kuoga baharini pale panapoitwa Forty Foot. Mwaka mzima, hata Januari. Wamenikaribisha mara nyingi, na Jumamosi iliyopita nikasema leo naenda.

Kuogelea najua. Nimekulia ufukweni, nimejua kuogelea kabla sijajua kusoma. Lakini yale maji sijawahi kuyaona. Kipimajoto cha mwenzetu kilionyesha nyuzi 12. Nikashuka ngazi, maji yakafika kiunoni, nikajikaza. Yalipofika kifuani pumzi ikakatika. Nilikuwa navuta hewa ndani tu, haitoki, kama mtoto aliyelia mpaka sauti ikapotea. Nikageuka nikashika chuma cha ngazi, nikatoka. Mwenzetu mmoja, msichana mwema sana, akaniambia shuka tena, utazoea. Nikashuka, na kweli mara ya pili pumzi ilirudi baada ya muda. Nikakaa kama dakika 12. Wakanipongeza, wakasema kila wiki niongeze dakika moja au mbili mpaka niwafikie.

Nilipotoka nilijisikia vizuri mno, kifua chepesi, nacheka na kila mtu. Nikavaa bila haraka, tukapiga picha, nikapanda treni. Kufika kituo cha tatu nikaanza kutetemeka. Meno yanagongana, simu imeniponyoka mara mbili, vidole vyeupe kama si vyangu. Mama mmoja wa Kiayalandi akanivua mkoba begani akanifunga skafu yake. Nimefika nyumbani nikajifunika blanketi mbili, na nilichukua zaidi ya saa nzima kutulia.

Naomba aliyezoea aniambie: ile pumzi kukatika ni kawaida au moyo wangu una tatizo? Kwa nini baridi inipate kwenye treni na si majini? Na hili la kuongeza dakika kila wiki ni sawa? Jingine, mimi najisitiri, niliingia na suruali ya mazoezi na shati refu la pamba, na nilihisi macho ya watu. Mama yangu kasikia kwenye simu, hataki hata kunisikiliza, anasema nitapata homa ya mapafu nife ugenini. Sitaki kumuudhi. Lakini ile nusu saa kabla ya kutetemeka, sijawahi kujisikia hivyo tangu nifike nchi hii.

---

Mkivu_wa_CapeTown
Jumatatu, 27 Oktoba

Dada, pumzi kukatika kunatupata wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, maji niliyoyajua ni ya ziwa Kivu, na ziwa letu halina ukali wa namna hiyo. Huku Cape Town tunaogelea Sea Point, upande wa Atlantiki, tuko sita.

Nikupe moja tu. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani nitaanza kiangazi kwa sababu jua linachoma. Nimeingia Januari, watu wameungua mabega ufukweni, na maji yako nyuzi 11! Ni ule upepo wa kusini-mashariki. Unasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, halafu maji ya chini yenye baridi yanapanda kuziba nafasi. Upande wa pili wa rasi, False Bay, siku hiyohiyo unaweza kukuta nyuzi 20. Tangu hapo siangalii mbingu, naangalia kipimajoto. Na katika kikundi chetu hakuna anayeruka kutoka juu ya mwamba. Tunashuka kwa miguu, kila mtu kwa kasi yake.

---

MamaKibokoni
Jumanne, 28 Oktoba

Waaleikum salaam mwanangu. Marahaba.

Nimeisoma habari yako mara mbili, na usiku sikulala vizuri, kwa hiyo nitakuandikia kwa urefu. Mimi ni wa Mombasa, Kibokoni, na nyumba yangu ya sasa ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka hapo ulipoogea. Huu ni msimu wangu wa sita wa baridi. Nilianza mwaka aliofariki mume wangu. Jirani yangu, mjane kama mimi, alinigongea mlango akasema, twende, hatutaongea chochote. Sasa tuko watano: yeye, mimi, mstaafu aliyekuwa dereva wa basi, Mpolandi mmoja mwoka mikate, na muuguzi wa Kifilipino.

Nianze na la kuongeza dakika, maana ndilo lililonikosesha usingizi. Mwanangu, usiongeze. Bahari ya huku inapoa polepole kuliko hewa. Leo ina nyuzi 12, katikati ya Desemba itakuwa 10 au chini yake, na baridi yake kamili huja Februari na Machi, watu wakiwa wameshaanza kusema majira ya kuchipua yamefika. Kipimajoto chetu huwa kinaonyesha 8 na siku nyingine 7. Ukibaki na dakika zilezile tu, kila wiki tayari umeongeza. Sisi tunapunguza. Oktoba naogelea dakika kumi, Februari natoka dakika ya nne, na sijioni nimepungukiwa na kitu. Wewe ni mgeni: hesabu dakika tatu, basi.

Pumzi. Hiyo ni ngozi inayopiga kelele. Baridi ikiigusa ghafla, kifua kinavuta hewa bila ruhusa yako, moyo unakwenda mbio, presha inapanda. Ndio wakati watu wanapokufa, dakika ya kwanza kabisa, hata waogeleaji hodari, kwa sababu mtu akivuta hewa hivyo na uso uko chini ya maji anavuta maji. Kisha inatulia yenyewe, dakika moja, mbili, tatu. Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Mike Tipton, ameutafiti mshtuko huu miaka mingi, na jambo alilolionyesha linatia moyo: mwili unajifunza upesi. Kuingia mara sita hivi, dakika mbili tatu kila mara, kunaweza kuupunguza mshtuko kwa karibu nusu. Kwa hiyo mwenzako hakukosea kusema utazoea. Lakini kinachozoea ni pumzi. Damu yako haizoei kupoa, itapoa tu.

Mimi nafanya hivi. Nakaa ngazini maji yakiwa mapajani, nachota kwa kiganja napaka shingoni, usoni, kwenye mikono. Nashuka hadi kifuani, mkono mmoja kwenye chuma, na nataja mitaa ya nyumbani kwa sauti, mtaa mmoja kwa kila pumzi ninayoitoa. Ndia Kuu. Kuze. Kibokoni. Bondeni. Makadara. Sauti ikikatika katikati ya jina, naanza upya. Nikiyataja yote bila kukwama ndipo naachia chuma. Usihangaike na kuvuta hewa, itakuja yenyewe. Wewe shughulika na kuitoa. Na ukijikuta siku moja umeanguka majini bila kujiandaa, usipige mikono. Lala chali, masikio ndani ya maji, elea mpaka pumzi irudi. Hivyo ndivyo wanavyofundisha watu wa maboti ya uokoaji, RNLI, ambao wako hapa Dún Laoghaire.

Sasa treni. Ukiwa majini mwili unaziba mishipa ya mikononi, miguuni na kwenye ngozi ili damu ya moto ibaki kifuani na kichwani. Unatoka, bado kumefungwa, unajiona mzima, unacheka. Lakini nyama za nje zimekuwa baridi kama samaki wa barafu, na zinaendelea kunyonya joto la ndani. Joto la ndani linashuka dakika kumi, ishirini, hata thelathini baada ya kutoka. Wewe ulikuwa unapiga picha wakati huo. Ile furaha ndiyo saa yako ya kuvaa, na ukiipoteza hairudi.

Nitakuambia kwa nini nalisema hili kwa ukali. Msimu wetu wa pili, Februari, mzee wetu wa basi alikaa majini dakika 16. Maji yalikuwa nyuzi 8. Ni mtu mwenye mwili mkubwa, mwenye nguvu, na sisi tuko juu ya mawe tunampigia makofi. Tulimpigia makofi, mwanangu! Akatoka anatabasamu. Nikamuuliza, nikumiminie chai? Akanijibu maneno hayakueleweka, kama mlevi, naye hagusi pombe. Nikamuuliza anakaa mtaa gani. Akanitazama tu. Akaacha kutetemeka, na mimi nikafikiri ni nafuu. Muuguzi wetu akapiga kelele kwamba hiyo ndiyo hatari. Tukapiga 112. Tulimvua nguo mbichi, tukamvika makoti yetu yote, tukamkalisha chini bila kumsugua na bila kumtembeza mpaka wakaja. Alipona, ashukuriwe Mungu, na bado tunaoga naye. Lakini mimi nimebaki na yale makofi.

Tangu siku hiyo mmoja wetu habaki bila kazi. Kwa zamu, mtu mmoja anabaki juu na nguo zake kavu, saa na filimbi. Dakika zikitimia anapuliza na jina lako linaitwa, na hakuna kujadiliana. Huwezi kujipima mwenyewe ukiwa ndani, kwa sababu kichwa kinachopima ndicho kinachopoa. Waambie wenzako wa kazini. Wakisema wewe mgeni unatuletea sheria, waambie yule mama wa Kibokoni atakuja kupuliza filimbi yeye mwenyewe, na nitakuja kweli.

Kuna profesa mwingine, wa Kanada, Gordon Giesbrecht, amefupisha mambo kwa namba tatu, moja, kumi, moja: dakika moja ya kutuliza pumzi, dakika kumi za mikono na miguu kukutii, saa moja kabla ya kuzimia kwa baridi. Alikuwa anawafikiria watu wanaotumbukia kwenye maji ya barafu, lakini hiyo kumi ya katikati ndiyo wengi hawaijui. Mikono inagoma zamani kabla ya kichwa kulala. Unauona ukuta uko hapo, hata hatua ishirini haufiki. Ndiyo maana sisi hatuendi mbali, tunaogelea sambamba na mawe, kwenda na kurudi mbele ya ngazi.

Na jamani, mnaingia mkitoka zamu ya usiku! Hamjalala, hamjala. Mwili unaotetemeka unachoma chakula, usipokuwa nacho utatetemeka kwa nguvu gani? Kula kwanza, uji au mkate na mayai. Kama hujafumba macho saa ishirini, Jumamosi hiyo wewe ndiye mshika filimbi.

Nguo. Shati la pamba liache, linajaa maji, linavuta mikono, na ukitoka upepo unapita ndani yake. Tafuta nguo ya stara ya kitambaa cha kuogelea, inayobana mwili, mikono mirefu, na gauni fupi juu ya mapaja. Mimi nimeogea hivyo miaka yote. Glovu na viatu vya mpira ni muhimu kuliko unavyodhani, maana vidole ndivyo vitakavyokuvalisha. Kofia ya sufu naivaa kichwani hata majini na siteremshi uso. Nguo zako zipange kabla ya kuingia, ya kwanza kuvaliwa iwe juu kabisa, na isiwepo yenye vifungo wala zipu. Ukitoka anza na sehemu ya juu ya mwili: vua kibichi, kausha, vaa kikavu, kofia, halafu ndipo chini. Mimi najifunga kikoi kizito kifuani navulia ndani yake, kanga ikilowa inang'ang'ania ngozi. Mpolandi wetu alikuwa anapigana na taulo kila wiki, nikamfunga kikoi siku moja, sasa wote wanne wanavyo, nimewaletea kutoka Mombasa. Chai ya tangawizi kwenye chupa, na kaimati kama nimekaanga. Kisha tunatembea polepole hadi miili ipate moto. Hakuna bafu la maji moto mpaka kutetemeka kuishe, mishipa ikifunguka ghafla presha inaanguka na mtu anaanguka nayo. Na anayeendesha gari anasubiri nusu saa.

Macho ya watu, mwanangu, yaache. Hapo uliposimama wanawake hawakuruhusiwa kwa miaka mingi, palikuwa pa wanaume tu. Mwaka 1974 kundi la wanawake lilikwenda likaingia majini kwa kupinga, na walizomewa. Jirani yangu alikuwa msichana wakati huo. Mara ya kwanza aliponiona nasitasita na nguo yangu ndefu, hakusema neno, alikuja akasimama upande wa watu, mimi nikawa upande wa bahari.

Mama yako mwambie hivi: homa ya mapafu huletwa na vijidudu, na wewe hukai na nguo mbichi. Lakini usimwambie ulitetemeka kwenye treni. Mwambie umepata mama mwingine huku aliyekugombeza. Na kabla ya Jumamosi mwone daktari wako umuulize kuhusu moyo na presha. Mwenye pumu, kifafa, au mjamzito naye aulize kwanza.

---

Muuguzi_wa_Temeke
Jumanne, 28 Oktoba

Naongeza kitu ambacho Wazungu hawatakiuliza kwenye vikundi vyao, lakini sisi lazima tujiulize. Selimundu, yaani sickle cell. Mwenye ugonjwa wa selimundu asiingie kwenye maji ya baridi kabisa. Baridi inabana mishipa, chembe za damu zinaziba, maumivu yanaanza. Mdogo wangu alilazwa wiki mbili kwa kuoga tu maji ya mvua Julai, na hapo ni Dar es Salaam, si Ulaya. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi sana huzaliwa nao, na kwenye koo za pwani si jambo geni.

Mwenye kubeba tu vinasaba bila kuumwa hali yake ni tofauti, lakini ajijue, na amwambie daktari. Binti, umeshapima? Kipimo ni cha damu tu. Usione aibu kuwauliza nyumbani nani alikuwa anaumwa viungo utotoni.

---

MvuviWete
Jumatano, 29 Oktoba

Nimetumiwa maandishi haya na mjukuu wangu, yeye ndiye anayenichapia. Mimi ni mvuvi, miaka 50 baharini, sikuwahi kuingia majini kwa kutafuta baridi. Utotoni tulikoga mwaka, siku ya mwaka mpya wa Kiswahili, alfajiri wazee wanatushusha pwani wote, na maji yale ya alfajiri tuliyaona baridi. Kumbe hatujui baridi.

Nina swali na nina neno. Swali: hapo mnapoogea maji yanapwa kiasi gani, na mnajua bamvua yenu, zile siku maji yanapojaa na kupwa sana? Mama kaeleza mengi ya mwili, bahari yenyewe hajaisema. Neno: kabla ya kutia mguu, kaa uhesabu mawimbi. Usiingie kwa kuona matatu madogo. Ngoja uone kubwa, ujue linafika wapi kwenye hizo ngazi. Na wakati wa kutoka usiipe bahari mgongo.

---

MamaKibokoni
Jumatano, 29 Oktoba

Shikamoo babu. Umenishika penye kosa.

Maji ya huku yanapanda na kushuka karibu sawa na yetu, siku za bamvua hukaribia mita nne. Tofauti ni saa. Kwetu bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, jioni na alfajiri. Huku bamvua hujaa karibu na adhuhuri, na tena usiku wa manane. Kwa hiyo binti akifika saa tatu asubuhi mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, maji yako njiani kupanda, na ngazi za chini zina mwani unaoteleza vibaya. Forty Foot ina kina hata maji yakipwa, ndiyo maana watu wanaipenda, lakini kina hicho kina maana hakuna mahali pa kusimama ukichoka. Kwa mgeni naipenda zaidi Sandycove ndogo ya mchanga iliyo hapo kando, dakika mbili kwa miguu. Unaingia ukitembea, unasimama, unatoka ukitembea.

Upepo wa mashariki ukivuma siku mbili tatu, usiende. Mawimbi yanapiga moja kwa moja kwenye yale mawe, na ngazi inakuwa adui. Tunakaa juu tunakunywa chai, tunarudi nyumbani. Mvua kubwa ikinyesha pia tunasubiri, maji machafu ya mjini hufurika baharini, na halmashauri hubandika tangazo la kukataza kuoga. Tangazo likiwepo, hata kama maji yanaonekana safi, tunaliheshimu. Na kabla jua halijachomoza hatuingii. Desemba ni saa mbili na dakika arobaini hivi, kwa hiyo saa tatu yenu ni nzuri.

Kuhusu mgongo, babu, ni kweli kabisa. Natoka kwa kushika chuma kwa mikono miwili, uso nimeugeuzia begani, natazama nyuma kila ngazi.

---

Mkivu_wa_CapeTown
Jumatano, 29 Oktoba

Mama, nimeyasoma haya kwa sauti kwa wenzangu, nawafasiria. Sisi hatukuwa na mtu wa kubaki juu. Tumepanga zamu leo.

---

BintiPangani
Jumapili, 23 Novemba

Nimechelewa kurudi, mnisamehe. Nilitaka kwanza kuwe na kitu cha kueleza.

Nimepima. Sina selimundu wala sibebi. Mama alikuwa hajui, nilipomuuliza akanitajia shangazi yake aliyefariki mdogo huku analia na mifupa, hawakuwahi kuambiwa ni nini. Tulizungumza saa nzima, muda mrefu kuliko siku zote tangu niondoke nyumbani. Presha yangu daktari kasema ni nzuri.

Jumamosi ya kwanza baada ya majibu yenu sikuingia. Nilikuwa nimetoka zamu tatu mfululizo. Nilikaa juu na saa ya simu, na yule rafiki yangu aliyesema niongeze dakika alikasirika nilipomwita dakika ya nane. Hakusema nami kwenye treni. Jumatatu alikuja mwenyewe kazini, akaniambia alipofika nyumbani hakuweza kufungua mlango kwa ufunguo, mikono ilikataa, alimngoja jirani dakika ishirini nje. Sasa tumepeleka siku yetu Jumapili ili tulale kwanza, tunakula mayai na mkate, na hakuna tena wa kuhesabiwa nani kakaa zaidi. Yeye ndiye kaja na filimbi, ya rangi ya machungwa, ya kamba.

Nimeingia mara tatu mpaka leo, zote Sandycove ya mchanga. Mara ya kwanza pumzi ilikatika kama ile siku. Mimi sina mitaa ya Mombasa, nataja vijiji vya kwetu: Mwera. Bweni. Ushongo. Kipumbwi. Mkwaja. Siku hiyo nilirudia Bweni mara saba. Leo maji yalikuwa nyuzi 11 na nimeyataja yote safari ya kwanza, nikalala chali, masikio ndani. Kulikuwa na sili, mnyama wa bahari za baridi, kichwa cheusi tu, mbali kidogo, ananitazama. Dakika tatu, filimbi, nikatoka. Sikupiga picha. Kofia, fulana, sweta, soksi, chai. Kutetemeka kulikuja nikiwa tayari nimeketi na kikombe mkononi, kwa muda mfupi tu, na sikudondosha kitu.

Mzee wa Wete, nilihesabu mawimbi. La tisa ndilo lililofika ngazi ya nne.

Mama Kibokoni, lile koti refu la bluu kwenye benchi la ukutani, na yule mzee mkubwa wa mwili aliyesimama mkavu na saa mkononi akitaja majina, nadhani nimewaona. Sikuthubutu kuja. Jumapili ijayo zamu ya filimbi ni yangu, kwa hiyo nitakuwa juu muda wote, nimevaa kofia nyekundu.

---

MamaKibokoni
Jumapili, 23 Novemba

Ndiye yeye. Saa tatu na nusu nitakuwa hapo na kikoi chako. Nikuletee cha bluu au cha kijani?